Pombe, Afya ya Akili na Kibali cha Siri za Taifa

Nchini Marekani, mtumishi wa serikali, mwanajeshi au mwajiriwa wa kampuni yenye mkataba na serikali haruhusiwi kusoma nyaraka za siri mpaka apewe kibali cha usalama, yaani uamuzi rasmi kwamba anaaminika kutunza taarifa ambazo zikivuja zitaidhuru nchi. Uamuzi huo hutanguliwa na upekuzi, ambao huanza kwa fomu ndefu iitwayo SF-86, na yote yanayopatikana hupimwa kwa miongozo 13 inayotumika tangu Juni 2017. Mwongozo wa G unahusu unywaji wa pombe na wa I unahusu hali za kisaikolojia, na hiyo miwili huogopwa kuliko inavyostahili, kwa kuwa wengi hudhani kwamba aliyewahi kutibiwa ulevi au kuonana na daktari wa akili amekwisha kujifungia mlango.

Pombe yenyewe haikatazwi. Kinachotazamwa ni pale unywaji unapompotezea mtu busara na uwezo wa kujizuia: kukamatwa akiendesha gari huku amelewa, kupigana, kuripoti kazini akiwa amelewa, au kubainika na mtaalamu kuwa ana uraibu wa pombe, yaani hali ya kushindwa kuacha ingawa madhara yanaonekana, kisha akapuuza matibabu aliyoandikiwa.

Kwamba dalili hizo zina uzito lilidhihirika kwa Aldrich Ames, ofisa wa shirika la ujasusi la CIA aliyeanza kuwauzia Wasovieti siri mwaka 1985 na kukamatwa Februari 1994, baada ya watu kadhaa waliokuwa wakiisaidia Marekani kwa siri kuuawa. Wenzake walijua kwa miaka mingi kwamba alikuwa mlevi. Akiwa Mexico City aligombana na ofisa wa Cuba katika hafla huku amelewa chakari, na akiwa Roma alikutwa barabarani hajitambui. Kilichomfanya asaliti ni fedha wala si chupa, lakini ulevi wake ulionekana, ukasemwa pembeni na kuachwa hivyo hivyo, naye akaendelea kushika majalada ya siri.

Thomas Egan hakuachiwa hivyo. Alikuwa kibarua katika kituo cha kukarabati manowari za Trident huko Bremerton, jimbo la Washington, na jeshi la majini lilimnyima kibali kwa sababu alikuwa na rekodi ya makosa ya jinai, hakutaja hukumu mbili za nyuma, na mwenyewe alikiri kwamba aliwahi kusumbuliwa na pombe na kwamba siku 28 za mwisho za kifungo chake alizitumikia katika programu ya kuwatibu walevi. Shauri lake lilifika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1988 iliamua kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kupewa kibali, na kwamba bodi ya rufaa za watumishi haina mamlaka ya kupitia upya kiini cha uamuzi wa kumnyima. Msimamo uliojengeka ni kwamba panapobaki shaka, usalama wa taifa ndio unaopewa uzito. Ni msimamo mkali, na kwa haki ulipaswa kumbana ofisa kama ulivyombana kibarua.

Kuhusu afya ya akili, amri ya Rais Bill Clinton ya mwaka 1995 ilikwisha kueleza kwamba kupata ushauri nasaha pekee si sababu ya kumtilia mtu shaka. Hata hivyo fomu iliendelea kuuliza kama mwombaji amewahi kutibiwa, na wanajeshi waliorudi kutoka Iraki na Afghanistan wakiwa na majeraha yasiyoonekana waliogopa kwenda kliniki wasije wakapoteza kazi, jambo ambalo liliwaumiza wao na halikuilinda nchi kwa lolote. Mwaka 2008 Waziri wa Ulinzi Robert Gates alitangaza kwamba ushauri unaotokana na vita hautatajwa tena; mwaka 2013 wakasamehewa waliodhulumiwa kingono; na Novemba 2016 likatangazwa swali lililoandikwa upya. Sasa linahusu amri za mahakama, kulazwa hospitalini kwa ajili ya afya ya akili, maradhi machache yaliyotajwa kwa majina, kama skizofrenia na ugonjwa wa hisia mseto, pamoja na hali yoyote inayoathiri sana uamuzi wa mtu. Hata mwenye maradhi hayo hanyimwi papo hapo: akifuata matibabu, na mtaalamu anayekubaliwa na serikali akithibitisha kwamba hali imedhibitiwa, anaweza kupewa kibali.

Hatari kubwa zaidi ni kuficha. Aliyetibiwa ulevi akaandika ukweli huulizwa ameacha lini, anafuata ushauri gani na nani anaweza kumshuhudia. Aliyedanganya kwa makusudi, hata kama hajagusa pombe tangu hapo, huangukia Mwongozo wa E unaohusu mwenendo binafsi, tena kusema uongo katika fomu hiyo ni kosa la jinai linaloweza kumpeleka gerezani hadi miaka 5.