Kikivunjika Kitatoa Nini?

Mnunuzi aliyesimama mbele ya meza ya midoli pale Kariakoo hutazama rangi, husikiliza mlio, kisha huuliza bei. Hayo yote ni ya kitu kikiwa kipya, na mikononi mwa mtoto wa miezi 10 upya haumalizi siku. Atakitia mdomoni, atakiguguna, atakitupa sakafuni tena na tena, halafu kaka yake atakikanyaga. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kutoa hela ni hili: kikivunjika kitatoa nini? Gari ambalo gurudumu lake limeshikwa na kimsumari lina gurudumu na kimsumari ndani yake tangu lilipotoka kiwandani, ila bado havijatengana tu.

Wapimaji wa maabara nao huanzia hapo. Marekani, kitu cha kuchezea cha mtoto wa chini ya miaka 3 huangushwa, huvutwa, husokotwa na kubanwa kwanza, ndipo vipande vilivyong'oka hutiwa ndani ya kijikopo chenye upana wa milimita 31.7, unaokaribia upana wa koo la mtoto wa umri huo likitanuka. Kipande kikienea chote humo bila kusukumwa, kitu hicho hakifai. Nyumbani, kile kiini cha karatasi ya chooni kinatosha kwa kazi hiyo. Ni kipana zaidi kidogo, na kwa jambo hili kuzidisha tahadhari ni bora. Vuta macho ya mdoli kwa nguvu zako zote. Kama ni ya kung'oka, yang'oke mkononi mwako.

Kinachotisha kuliko vyote hukaa ndani ya vitu vinavyowaka taa na kuimba: betri bapa za duara, mfano wa sarafu. Ile inayoandikwa CR2032 ina upana wa milimita 20, kiasi cha kunasa kwenye umio wa mtoto mdogo. Ikinasa, si lazima ipasuke ndipo idhuru. Umeme wake hugeuza majimaji ya mwili kuwa kitu kikali kama kostiki ya kutengenezea sabuni, na ndani ya saa 2 tu nyama inaweza kuwa imeungua vibaya. Mtoto huenda akatoa udenda, akakohoa na kukataa chakula, wazazi wakadhani ni mafua. Ukishuku amemeza, usimtapishe. Mkimbize hospitali yenye eksirei. Sumaku ndogo zenye nguvu nazo ni balaa, kwani mbili zikimezwa kwa nyakati tofauti huvutana kutoka utumbo huu hadi ule na kuutoboa. Basi mlango wa betri uwe umefungwa kwa skrubu. Mwaka 2022 Marekani ilipitisha Sheria ya Reese, inayotaka hata vifaa vya kawaida vya nyumbani vyenye betri hizo visifunguke kirahisi, na ni haki, maana rimoti ni mdoli wa watoto wengi.

Wapo wasemao kwamba mtoto akiangaliwa inatosha. Lakini mtoto aliyezibwa koo halii, kwa sababu hana hewa ya kulilia, na aliye jikoni hasikii kitu. Wengine huamini bei kubwa na jina kubwa. Mwaka 2007 kampuni ya Mattel ililazimika kurudisha mamilioni ya bidhaa zake, baadhi kwa rangi yenye madini ya risasi, nyingine kwa sumaku zilizoweza kuchomoka. Nakiri kwamba kwa risasi mkono wa mnunuzi haufui dafu: haionekani, hainuki. Rangi inayobanduka kwa ukucha irudishwe mezani, na kwa mengine hatuna budi kuyadai mashirika ya viwango, TBS ya Tanzania na KEBS ya Kenya, yafanye kazi yao sokoni.

Kuna pia hoja kwamba vizazi vimekua na magari ya makopo bila madhara. Gari la kopo lilimfaa mtoto wa miaka 8 aliyelikata na kuliunda mwenyewe. Mdogo wake anayetambaa ndiye linayemkata. Na hoja hiyo ina ukweli mmoja ninaoupenda, kwamba usalama haununuliwi dukani peke yake. Anayetambaa anatosheka na mwiko mpana, sufuria ndogo, vikombe vigumu vya plastiki vinavyoingiana, au mwanasesere wa kitenge aliyeshonwa kwa mishono ya karibukaribu, macho yake yakiwa ya uzi badala ya vifungo.