Bunduki ya babu: Risasi kuingia siyo kufaa

Mdogo wangu ameolewa Ohio, Marekani. Majuzi alinitumia ujumbe wa sauti: baba mkwe wake amefariki dunia, na mumewe amerithi bunduki ya kijeshi aina ya M1 Garand pamoja na kopo la risasi za zamani zilizochanganyika. Kijana wao wa miaka 16 alikuwa ameshaichokonoa. “Mama, zinaingia vizuri kabisa,” alimwambia, akitaka waende kulenga shabaha Jumamosi.

Hapo kwenye “zinaingia” ndipo watu wanapoumia.

Mzazi, kwa macho risasi nyingi hufanana. Chukua bunduki za Ujerumani. Ile ya mwaka 1888 ilitengenezewa risasi yenye kichwa cha milimita 8.08 hivi. Mwaka 1905 jeshi likaleta kichwa chenye ncha kali, milimita 8.2, na nguvu zaidi. Ganda likabaki karibu lilelile. Kwa hiyo risasi mpya inaweza kuingia kwenye bunduki ya zamani bila shida yoyote. Ukifyatua, kichwa kinajikamua kupita mtutu mwembamba, presha inapanda, na chuma kinaweza kupasuka mbele ya uso wako. Kwa hofu hiyo, viwanda vya Marekani huitengeneza risasi hiyo ikiwa na nguvu ndogo makusudi.

Garand ina kisa chake. Iliingia jeshini mwaka 1936 na hutumia risasi ya .30-06, ambayo wawindaji wanainunua dukani hadi leo. Jina ni lilelile, ila baadhi ya za kuwindia zina kichwa kizito na baruti inayoungua polepole. Bunduki hii huchukua gesi karibu na mdomo wa mtutu ili isukume chuma kirefu kinachoingiza risasi inayofuata. Gesi ikizidi, chuma hicho hupinda. Risasi ya kijeshi ilikuwa na kichwa cha gramu 9.7 hivi, na zipo paketi zilizoandikwa wazi kuwa ni za Garand. Hizo ndizo za kununua, hata kama ni ghali kidogo.

Kuna nyingine hazina risasi salama kabisa. Springfield ya 1903 iliyotoka kiwanda cha Springfield Armory ikiwa na namba chini ya 800,000 haifai kufyatuliwa, kwa sababu baadhi ziliunguzwa chuma wakati wa kufuliwa na huweza kuvunjika vipande. Hiyo itundike ukutani.

Nilimwambia mdogo wangu asiamini hata maandishi ya juu ya bunduki. Nyingi za kijeshi hazikuandikwa aina ya risasi, na nyingine zilichongwa upya na wenyewe baada ya vita. Fundi bunduki ndiye wa kuipima. (Na wewe uliye huku kwetu, ukikuta risasi kwenye sanduku la mzee au ukiifukua shambani, usiiguse wala usiichome na takataka. Ita polisi.)

Walimpelekea fundi. Bunduki aliipitisha, lakini kwenye kopo alikuta magandа yenye nyufa na mengine yenye kutu ya kijani. Kopo zima likapelekwa polisi. Kijana alinuna siku mbili. Bunduki sasa iko kwenye kabati la chuma, ufunguo anao mama.