Injini Imeongezewa Nguvu: Mbona Haiwaki?

Wasomaji wetu wengi, hasa vijana wanaojifunza ufundi, wanaifahamu ile motokari ndogo yenye mgongo wa mviringo, Volkswagen, ambayo watu wa Ulaya waliipa jina la mdudu. Zilitoka viwandani zaidi ya milioni 21. Ujerumani waliacha kuunda zile zenye paa la chuma mwaka 1978, na ya mwisho kabisa ilitoka Puebla, nchini Meksiko, mwaka 2003. Injini yake hukaa nyuma, haina maji, hupozwa kwa upepo, na watu wawili wenye jeki na funguo chache huweza kuishusha chini kwa muda wa saa moja au mbili. Ndiyo maana mafundi wa nyumbani wameichezea sana.

Wanachotafuta ni nguvu. Huondoa silinda za milimita 85.5 na kuweka za milimita 87, na hivyo injini ya sentimita mchemraba 1584 huwa ya 1641. Kabureta moja huondoka, huwekwa mbili. Kamshafti hubadilishwa ili valvu zikae wazi muda mrefu zaidi, na distributa ya zamani hufuatwa na nyingine. Kazi inakwisha, mikono inanawiwa, jamaa yote inatoka nje kutazama. Ufunguo unazungushwa, na injini haiwaki!

Sasa ndipo fedha zinapoanza kupotea. Kwanza hununuliwa betri mpya. Kesho yake stata. Kisha koili. Baba mwenye motokari anatoa fedha aliyokuwa ameiwekea karo ya watoto, na motokari ingali pale pale chini ya mwembe. Haifai kununua kabla ya kupima. Injini hii ilikuwa ikiwaka kabla haijaguswa. Kwa hiyo tutazame kwanza kile kilichoguswa. Kisha tukumbuke jambo la pili, ambalo wengi hulisahau: udhaifu wa zamani, ambao injini ya kwanza iliuvumilia, injini yenye nguvu haiuvumilii tena.

Ufunguo ukizungushwa, je, injini yazunguka au haizunguki? Swali hili ni mama wa maswali yote.

Ikizunguka kwa uvivu, kama mtu anayepanda mlima na mzigo, tuchukue kipimo cha volti. Betri nzuri ya volti 12, ikiwa imejaa na kupumzika, huonyesha karibu 12.6, wakati stata inapozungusha injini isishuke chini ya 9.6 au hivi. Ikiwa betri ni nzima, tutambae chini ya gari. Injini na sanduku la gia zimekalia mipira, na mpira haupitishi umeme. Umeme wote wa stata hurudi kwenye betri kwa njia ya utepe mmoja wa waya uliofungwa kati ya sanduku la gia na bodi. Utepe huo ukiwa na kutu, betri kumi mpya hazitasaidia. Tena, ncha ya mhimili wa stata huzunguka ndani ya kikombe kidogo cha shaba kilichopigiliwa katika nyumba ya sanduku la gia. Kikombe kikilika, mhimili huinama na stata hujikwaruza ndani. Fundi anayebadili stata na kuacha kikombe cha zamani amefanya nusu ya kazi, na mwenye gari amelipa kazi nzima.

Wako pia waliochukua injini ya volti 12 na kuitia katika gari la zamani la volti 6. Hao wahesabu meno ya gurudumu zito la injini: la zamani kwa kawaida lina meno 109, la baadaye 130. Stata ya moja haipatani na gurudumu la jingine. Wakilazimisha, watasikia mlio wa meno yanayosagana.

Labda injini huzunguka kidogo, kisha hurusha teke na kukwama. Hiyo ni dalili ya cheche kuja mapema mno: moto unawaka pistoni ikiwa bado inapanda, nayo inasukumwa irudi ilikotoka. Kwa distributa ile ya Bosch wanayoiita 009, iliyo maarufu kwa kazi hii, wengi huanzia nyuzi 7.5 kabla ya kilele, kisha huhakikisha kwa taa ya kupimia kwamba mbio zikiongezeka haipiti 32. Kijana anayesogeza zaidi kwa kutumaini nguvu zaidi anajitafutia stata iliyovunjika, na baadaye pistoni iliyotoboka.

Ikiwa yazunguka vema lakini haiwaki, tung'oe plagi moja, wengine huiita buji, tuiegemeze juu ya chuma mbali na petroli, na tutazame cheche. Hakuna cheche? Tupime koili na nafasi ya platini, ambayo ni milimita 0.4. Cheche iko lakini inatokea saa isiyo yake? Mpangilio wa moto ni 1-4-3-2. Mtu akiweka distributa injini ikiwa imezidi mzunguko mmoja kamili, cheche ya silinda ya kwanza huenda kwa ya tatu, nayo injini hupiga chafya katika kabureta. Tupime vilevile nafasi ya valvu, milimita 0.15 injini ikiwa baridi. Ikibanwa mno, valvu hazifungi, na mgandamizo hupotea. Kamshafti kali nayo ina hila yake: kwa kuwa valvu ya kuingiza huchelewa kufunga, katika mwendo wa polepole wa stata pumzi nyingine hurudi nje. Kwa hiyo kipimo cha mgandamizo kikionyesha kidogo kuliko zamani, tusikimbilie kusema pete za pistoni zimekufa.

Kabureta mbili za mashindano mara nyingi hazina choki. Asubuhi, dereva hukanyaga mara mbili tatu ili petroli irushwe ndani. Akizidisha, plagi hulowa. Dawa yake ni kukanyaga mpaka chini bila kupampu, kisha kuzungusha.

Kuna ugonjwa mwingine: injini hushika pale pale unapoachia ufunguo. Maana yake stata inakula volti zote, na koili haipati kitu mpaka stata iachwe. Wanaotumia kifaa cha umeme badala ya platini huuona zaidi. Na kuna gari liwakalo asubuhi lakini, baada ya safari, hutoa mlio mmoja tu, “tak!” Betri iko nyuma chini ya kiti, ufunguo uko mbele, umeme wa kuamsha stata husafiri kwenda mbele na kurudi nyuma kwa waya mwembamba. Joto likizidi, stata hudai zaidi, na waya hautoshi. Pima kwenye stata mwenzako akizungusha ufunguo: ukiona volti 8 ilhali betri inaonyesha 11, umemkamata mwizi. Rilei ndogo karibu na stata huponya, kwa bei iliyo chini sana ya betri.

Jambo moja tunalikataza kabisa: kumimina petroli katika kinywa cha kabureta huku mwingine akizungusha ufunguo. Kabureta ikipiga chafya, moto hutoka juu. Nyumba ya injini hii imeundwa kwa chuma chepesi chenye magnesi, nacho kikishika moto, maji huuzidisha. Wekeni karibu ndoo ya mchanga mkavu kabla ya kugusa ufunguo, na mbadilishe mipira yote ya petroli siku ile ile mnapobadilisha kabureta.