Kumbandua Rais au Naibu Wake: Ni Haki Lini, na Ni Siasa Tu Lini?

Maze, juzi jioni nilikuwa nimesimama kwa base ya nduthi hapa Kitengela, kando ya Namanga Road, nangoja mvua ipungue. Wasee walikuwa ndani ya mjadala moto. Mmoja anasema Rais angefaa kubanduliwa jana. Mwingine anasema Gachagua alionewa. Wa tatu, buda wa makamo mwenye gamubuti, anasema wote waende na Bunge liwafuate. Nikauliza swali moja tu: sheria inasema kiongozi anabanduliwa kwa kosa gani? Kimya. Halafu mmoja akajibu, "Kwa kukosea wananchi."

Jibu tamu, lakini siyo yenye iko kwa Katiba.

Ka wewe pia ungejibu hivyo, usijiskie vibaya. Mimi mwenyewe sikuwa najua hadi Oktoba 2024. Na mimi si wakili, niliacha chuo mwaka wa pili ju karo ilikataa kuonekana, na hata si sheria nilikuwa nasomea. Lakini Kifungu cha 145 cha Katiba ya 2010 ni kifupi kuliko yale masharti ya mkopo wa simu wewe hukubali bila kusoma. Nimekisoma mara kadhaa. Wacha nikupe rada.

Sababu za kumbandua Rais ni tatu pekee. Moja, amevunja Katiba au sheria nyingine kwa kiwango kikubwa. Mbili, kuna sababu nzito za kuamini ametenda uhalifu, uwe wa sheria za hapa ama wa kimataifa. Tatu, utovu mkubwa wa nidhamu. Za naibu wake ni hizo hizo, ziko Kifungu cha 150.

Angalia vizuri venye hakuna mahali imeandikwa "unga imepanda." Hakuna "aliahidi kazi na hatujaziona." Hakuna "hatumtaki." Hizo zote ni sababu poa za kumnyima kura, na tarehe ya kura iko. Kubandua ni kitu kingine. Kumbuka kuna watu waliamka saa kumi usiku wakapiga foleni kumpatia huyo mtu kazi, na wewe unataka kuikatiza kabla ya muda. So lazima uwe na kosa mkononi, kosa lenye linaweza kusomwa kwa sauti mbele ya watu na likajibiwa.

Kwa nini basi hiyo njia iko? Ju ya Kifungu cha 143. Rais akiwa ofisini hawezi kushtakiwa kortini kwa jinai, na hata kesi ya madai kuhusu kazi yake haiwezi kufunguliwa, isipokuwa ule uhalifu wa kimataifa wenye mikataba yetu inakataza kinga. Mimi na wewe tukikosea kuna karao, kuna seli, kuna hakimu. Yeye, kwa miaka mitano, karibu milango yote imefungwa. Kubanduliwa ndiyo mlango umeachwa wazi. Ndiyo maana pia Katiba haidai ushahidi kama wa kesi ya mauaji. Inasema "sababu nzito za kuamini." Huyo mtu hafungwi jela hapo, ananyang'anywa kazi. Jela, ka iko, ni stori ya baadaye.

Sasa hesabu. Mbunge mmoja analeta hoja, lakini lazima aungwe mkono na theluthi moja ya wabunge wote. Bunge la Kitaifa lina 349 ukitoa Spika, so hapo ni 117. Kupita inataka theluthi mbili, yaani 233. Ikipita, inaenda Seneti yenye maseneta 67, na Seneti ndiyo inasikiza mashtaka. Inaweza kuchagua kamati ya watu 11 ichunguze kwa siku zisizozidi 10, ama wakae wote wasikize. Kumng'oa inataka theluthi mbili tena, kura 45.

Hapa ndipo Kajiado inaingia. Kaunti yetu ina maeneo bunge matano: Kaskazini, Kati, Mashariki, Magharibi na Kusini. Ongeza Mwakilishi wa Wanawake. Hizo ni kura 6 kati ya 349. Kule Seneti tuna moja, ya Samuel Seki. Sisi wa Kitengela tuko Kajiado Mashariki. Ukipiga kelele barabarani yote lakini hujui mhesh wako alibonyeza gani siku hiyo, umefanya nusu ya kazi.

Turudi 2024. Oktoba 1, Mwengi Mutuse, mbunge wa Kibwezi Magharibi, aliweka hoja mezani ya kumbandua naibu wa rais, Rigathi Gachagua. Mashtaka 11, sahihi 291. Oktoba 4 wananchi wakaitwa kila kaunti watoe maoni. Oktoba 8 Bunge likapiga kura: 281 ndiyo, 44 hapana. Seneti ikamsikiza tarehe 16 na 17. Siku ya pili mchana alikuwa ajitetee mwenyewe, lakini hakutokea. Wakili wake, Paul Muite, akasema mteja wake yuko hospitali, kifua kinamuuma. Maseneta wakakataa kungoja, na usiku huo huo wakamwondoa. Kesho yake Kithure Kindiki akapendekezwa, Bunge likampitisha kwa kura 236. Korti zikasimamisha mambo kidogo, kisha Novemba 1 akaapishwa pale KICC. Ilikuwa mara ya kwanza naibu wa rais kubanduliwa Kenya. Kutoka hoja hadi kung'oka ni siku 17. Kuna watu hapa Kitengela wamengoja hati ya shamba miaka.

Je, ilikuwa haki? Wengi hawakuangalia kitu kimoja: kati ya mashtaka 11, maseneta walikubali 5 tu. Lile lenye lilikuwa na doh nyingi, la kujilimbikizia mali ya bilioni 5.2, halikusimama. Lenye lilisimama ni la maneno. Yale ya kusema serikali ni kama kampuni yenye hisa, na wenye walipiga kura wakule kwanza.

Wacha nikae hapo kidogo, ju mimi naona hilo ndilo lilikuwa shtaka la nguvu, na mtu wa Kitengela anafaa kulielewa kuliko mtu yeyote. Angalia mtaa wetu. Ardhi ya Wamaasai, ploti zimenunuliwa na Wakikuyu, Wakamba, Wakisii, Wajaluo, Waluhya, mama mboga anauza kwa lugha tatu. Ukianza kugawa maji na barabara kwa hisa, nani ana hisa Noonkopir? Yule alikuja na ng'ombe ama yule alikuja na lori la mawe? Naibu wa rais akiapa, anaapa kwa ajili ya wote. Kifungu cha 10 kinataja kujumuisha watu wote na kutobagua kama maadili ya kitaifa. So hapo maneno si maneno tu. Ni kuahidi kuvunja kazi uliyopewa.

Lakini sasa nikugeuzie. Hizo stori za hisa alikuwa anazisema tangu 2023. Wabunge walikuwa wamekaa hapo nyuma yake kwa jukwaa, wengine wakipiga makofi. Mbona Oktoba 2024 ndiyo ikawa dhambi? Ju kilichobadilika si kosa, ni urafiki. Yeye na bosi wake walikuwa wamekosana. Kosa linaweza kuwa la ukweli na bado hoja ikaletwa kwa sababu ya uongo. Hizo mbili zinakaa nyumba moja bila shida. Binafsi naona shtaka lilitosha, mbio hazikutosha. Mtu ambaye wakili wake anasema yuko kitanda cha hospitali angepewa siku mbili, Katiba haingeanguka. Ukimtoa kwa haki kisha ukamnyima nafasi ya kusema, umempa wimbo wa kuimba hadi 2027. Na anauimba.

Usifikirie ni kitu kidogo kwake pia. Mtu akitolewa kwa kukiuka maadili ya uongozi, Kifungu cha 75 kinaweza kumfungia ofisi zote za serikali. Uliza Mike Sonko. Seneti ilimtoa ugavana wa Nairobi Desemba 2020, na 2022 alipotaka ugavana wa Mombasa, Mahakama ya Juu ikasema zii.

Sasa tuje kwa ile ngumu, yenye Kitengela haiwezi kuruka. Juni 2024 vijana wa hapa walitoka kupinga Mswada wa Fedha, barabara ikajaa. Agosti 19, Bob Njagi na ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton, wakachukuliwa. Polisi wakakana kuwa nao. Siku 32. Jaji Lawrence Mugambi alimwita kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, Gilbert Masengeli, afike aeleze. Akaitwa tena na tena bila kufika, na Septemba 13 akahukumiwa miezi sita kwa kudharau korti, ingawa alipewa wiki ya kujirekebisha. Septemba 20 wale watatu wakaachiliwa usiku, wako hai. Siku hiyo hiyo Masengeli akafika kortini akaomba msamaha, na hukumu ikafutwa.

Halafu siku 11 baadaye Bunge hilo hilo likapata nguvu ya kuandika mashtaka 11. Siyo kuhusu hiyo. Kuhusu Gachagua.

Hapo ndipo wasee wa base wanapata hasira, na mimi pia. Lakini hasira iulize swali sawa. Kuteka mtu na kumficha ni uhalifu, hakuna mjadala. Swali la Kifungu cha 145 ni kama Rais mwenyewe ametenda uhalifu, ama amevunja Katiba kwa kiwango kikubwa. Je, aliagiza? Alijua akanyamaza? Alikuwa na uwezo wa kuzuia na hakuzuia? Desemba 27, 2024, akiwa Homa Bay, Ruto mwenyewe alisema utekaji utakomeshwa. Kuna wenye walisikia hiyo kama ahadi ya mzazi. Kuna wenye walisikia kama mtu anakubali kwamba breki iko mguuni mwake. Mimi sitakuambia ni gani, ju sina ushahidi na wewe pia huna. Lakini hilo ndilo swali zito la aina ya kubandua, kuliko bei ya mafuta mara mia. Na mahali pa kulijibu ni mbele ya kamati yenye inaweza kuita mashahidi na kuwauliza maswali. Mpaka sasa hakuna hoja kama hiyo imefika Seneti. Hesabu ya 117 haijapatikana.

Angalia Korea Kusini. Desemba 3, 2024, Rais Yoon Suk Yeol alitangaza sheria ya kijeshi usiku, wabunge wengine wakaruka ukuta kuingia kupiga kura ya kuifuta. Desemba 14 Bunge likapitisha kumwondoa. Lakini kwao Bunge halimalizi kazi, Mahakama ya Katiba ndiyo inamaliza. Majaji 8 wakakaa na faili hadi Aprili 4, 2025, wote wakasema aende. Karibu miezi minne. Marekani nayo Trump alishtakiwa mara mbili na Seneti ikamwachilia mara zote mbili, watu wakipiga kura karibu kabisa kwa rangi za vyama. Sisi tuko na mfumo wa Marekani, na tabia tunaijua.

Jaribio langu mimi ni rahisi, wewe lijaribu ukiwa kwa mat. Chukua shtaka, futa jina, weka jina la mtu unampenda. Ka bado ungetaka aende, hilo ni shtaka. Ka unaanza kutafuta "lakini," hiyo ilikuwa chuki tu imevaa suti. Nililijaribu kwa ile base. Wawili wakacheka, mmoja akakasirika kiasi.

Yule buda wa gamubuti akauliza swali la mwisho, la maana kuliko yote. "So Prezo akitolewa, tunapiga kura?"

Hapana, buda. Kifungu cha 146: naibu wake anaingia, anamalizia muda uliobaki. Uchaguzi ndani ya siku 60 unakuja tu ka kiti cha naibu pia kiko wazi, na hapo Spika wa Bunge la Kitaifa ndiye anashikilia usukani.

"Yaani Kindiki?"

Kindiki.

Akaangalia mvua kidogo. Halafu mama mmoja akamwita, ana mzigo wa kupeleka Noonkopir, na yeye akapiga kiki akasepa.