Fahamu: Resonansi katika pete ya benzeni
August Kekulé, alipoielezea benzeni mwaka 1865 kuwa pete ya kaboni sita zenye vifungo vya pekee na vya maradufu kwa zamu, hakuwa na kipimo cha kumdhihirishia kwamba vifungo vyote sita vina urefu sawasawa wa pikomita 139, ilhali cha pekee kwa kawaida huwa 154 na cha maradufu 134. Wala tusidhani, kama wanafunzi wengi wadhanivyo, kwamba molekuli hurukaruka baina ya michoro miwili ya pete hiyo, inayotofautiana kwa mahali pa vifungo vya maradufu tu. Umbile lake ni moja daima, kwani elektroni, zipatapo atomu jirani zilizo katika bapa moja na zenye nafasi ya kuzipokea, huenea katika pete nzima, na kuenea huko, kuitwako resonansi, huipunguzia molekuli nishati takriban kilojuli 150 kwa moli.