Kenya: Kwa nini fangasi huwashambulia wagonjwa waliolazwa hospitalini

Fangasi wa aina ya Candida auris, waliotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Japani mwaka 2009, ni miongoni mwa aina nne ambazo Shirika la Afya Duniani, WHO, liliziorodhesha Oktoba 2022 kuwa hatari zaidi kwa binadamu.

Nchini Kenya, uchunguzi wa hospitali moja ya rufaa jijini Nairobi ulihusisha wagonjwa 201 waliopatikana na fangasi wa jamii ya Candida katika damu kati ya mwaka 2010 na 2016. Asilimia 38 kati yao walikuwa na aina hiyo.

Mtu mwenye afya hukingwa na ngozi yake, chembe nyeupe za damu na bakteria wenye manufaa walio tumboni. Hospitalini, tiba yenyewe huweza kuidhoofisha kinga hiyo. Mrija unaoingizwa katika mshipa mkubwa wa damu huwafungulia fangasi njia. Antibayotiki zinazotumiwa kwa muda mrefu huwaua bakteria hao na kuwaachia fangasi nafasi ya kuzaliana. Upasuaji wa tumbo na dawa za saratani huongeza hatari, sawa na kukaa siku nyingi katika chumba cha wagonjwa mahututi. Watoto njiti na wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu nao wamo hatarini.

Ugumu mwingine ni utambuzi. Dalili kuu ni homa isiyoshuka licha ya antibayotiki, hivyo ugonjwa hudhaniwa kuwa wa bakteria na siku za matibabu hupotea. Aghalabu Candida auris haisikii flukonazoli, dawa ya fangasi inayotumika sana. Aidha, huweza kuishi kwa wiki kadhaa juu ya vitanda na vifaa, na si kila dawa ya kusafishia huiua, klorini huiua.

Ndugu wa mgonjwa hawana sababu ya kuacha kumtembelea. Mgeni mwenye afya ni nadra kuugua, lakini anaweza kuwabeba fangasi mikononi. Inampasa kunawa kabla na baada ya kumgusa mgonjwa. Anaweza pia kumwuliza daktari iwapo mrija au antibayotiki bado vinahitajika, bila kusitisha tiba yoyote kwa uamuzi wake mwenyewe.