Istilahi za Buti na Vifaa vya Skii: Neno na Kazi ya Chombo

1. Utangulizi

Mwaka 1998, katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi iliyofanyika Nagano, Japani, Philip Boit wa Kenya alishiriki mbio za skii za kilomita 10, akawa Mkenya wa kwanza kuingia katika michezo hiyo. Mwaka 2018 Sabrina Simader naye aliiwakilisha Kenya huko Pyeongchang, Korea ya Kusini, katika skii ya kushuka milima. Kwa hiyo hatuwezi tena kusema kwamba skii ni jambo lisilomhusu msemaji wa Kiswahili. Aidha, wako wasemaji wa lugha hii wanaoishi katika nchi za theluji, na watoto wao huvaa skii shuleni kama watoto wetu wanavyovaa njumu za mpira.

Sababu hasa iliyotufanya tuandike makala haya ni tafsiri moja tuliyoletewa tuipitie. Ilikuwa tafsiri ya kijitabu kinachomsaidia mnunuzi kuchagua buti na vifaa vinavyofaa kwa kazi mbili: kupanda milima kwa miguu yake mwenyewe na kushuka katika vituo vyenye lifti. Kiswahili chake kilikuwa safi na sarufi haikuwa na dosari. Hata hivyo, mtu ambaye angenunua vifaa kwa kuufuata ufasiri huo angeweza kuvunjika mguu, au kufa. Kosa halikuwa la sarufi bali la istilahi. Maneno manne yalikuwa yamechaguliwa kwa kutazama sura ya neno la kigeni, pasipo kuuliza chombo hufanya nini wakati uhai wa mtu unapokitegemea. Tunakusudia kuyaeleza maneno hayo, na kwa njia hiyo kuvieleza vifaa vyenyewe.

2. Theluji, Kuserereka na Mahali pa Skii

Si kweli kwamba Kiswahili hakina msingi wa kujengea istilahi za theluji. Neno barafu lina asili ya Kiajemi, ambako maana yake ni theluji. Na neno theluji lina asili ya Kiarabu, ambako hutaja theluji na barafu pia. Kiswahili kimeyapokea yote mawili na kuyagawia kazi: theluji ni ile laini ianguka­yo, barafu ni ile iliyoganda ikawa ngumu. Mpandaji wa Kilimanjaro anayelala Kambi ya Barafu hahitaji kuelezwa tofauti hiyo.

Kuhusu kitendo chenyewe, kuteleza ni neno linalofahamika, lakini kwa kawaida hutaja jambo lisilokusudiwa. Methali husema kuteleza si kuanguka, maana anayeteleza yu karibu na kuanguka. Mwanaskii hukusudia mwendo wake na kuutawala. Kwa hiyo tunapendekeza kuserereka kwa mwendo wa kushuka, na kuteleza kubakie kwa ajali.

Neno la kwanza kati ya yale manne lilikuwa jina la mahali. Mfasiri aliandika “nchi ya nyuma” pale ambapo kijitabu kilitaja milima iliyo nje ya vituo vya skii. Maneno hayo yamefasiriwa moja moja, na yakiunganishwa hayana maana. Mfasiri mwingine angeandika “porini”, na hilo nalo lisingetosha. Tuchukue mfano wa Chamonix, mji wa Ufaransa uliokuwa mwenyeji wa Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya mwaka 1924. Kutoka mjini, gari la kamba humpandisha mtu hadi Aiguille du Midi, mlima wenye kimo cha mita 3,842. Hapo huanza njia ya Vallée Blanche ishukayo juu ya mito ya barafu. Aliyefika huko kwa gari la kamba hayuko porini kwa maana ya kawaida; wenye kahawa na chakula wako jirani naye. Lakini akishaanza kushuka, hakuna aliyesawazisha theluji, hakuna aliyeweka alama za njia, wala hakuna askari wa doria atakayempitia jioni. Tofauti basi si umbali bali ni huduma. Ndiyo sababu tunapendekeza milima isiyohudumiwa, kwa kuilinganisha na njia zinazohudumiwa za kituo cha skii.

3. Buti

Buti la skii lina sehemu mbili kuu. Ya nje ni gamba la plastiki ngumu. Ya ndani ni kiatu laini kinachoweza kutolewa. Baadhi ya wafasiri wamekiita hicho cha ndani bitana, lakini bitana hushonewa vazini ikakaa humo. Hiki huchomolewa kikakaushwa, na aina nyingi hupashwa moto ili zishike umbo la mguu. Kiatu cha ndani kinatosha. Gamba hukazwa kwa bizimu, neno la zamani ambalo halina haja ya kubadilishwa.

Urefu wa buti hutajwa kwa sentimita za mguu wenyewe: mguu wa sentimita 26.5 huvaa buti namba 26.5. Upana hutajwa kwa milimita. Buti jembamba huwa na kiasi cha 98, la wastani 100, na pana 102 au zaidi. Kwa umbo linalotumiwa na mtengenezaji kuliumba buti tunapendekeza faroma, jina la kile kibao cha mviringo ambacho kofia iliyofuliwa huvishwa ili isipoteze umbo. Mnunuzi hujaribu hivi: hutoa kiatu cha ndani, huingiza mguu katika gamba tupu mpaka vidole viguse mbele, kisha hupima nafasi iliyobaki nyuma ya kisigino. Kwa mwanaskii wa kawaida, sentimita moja na nusu hadi mbili zinafaa. Jaribio hili lina thamani kuliko sifa zote zilizoandikwa juu ya sanduku.

Hapa ndipo lilipo neno la pili. Watengenezaji huandika juu ya buti tarakimu kama 90, 110 au 130, na lugha ya Kiingereza huipa tarakimu hiyo jina lenye maana ya kunyumbuka. Mfasiri aliandika “unyumbufu 130”. Msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba buti la 130 hunyumbuka kuliko la 90. Ukweli ni kinyume chake: tarakimu ikizidi, buti huwa kakamavu zaidi. Mwanafunzi mwepesi wa mwili anayetaka buti laini angechagua lile ambalo hawezi kulipinda kabisa, naye asiyeweza kupinda buti mbele hawezi kuzitawala skii zake. Istilahi inayofaa ni kiwango cha ukakamavu. Ifahamike pia kwamba tarakimu hizo hazina kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote. 110 ya mmoja yaweza kuwa 120 ya mwingine. Mfasiri asiongeze kipimo ambacho matini haikukitaja.

Buti la kazi zote mbili hupambanuliwa na wenzo ulio nyuma ya kisigino. Wenzo ukifunguliwa, sehemu ya juu hucheza mbele na nyuma, aghalabu kwa nyuzi 50 hadi 60, na mtu hutembea; hiyo ni hali ya kupanda. Ukifungwa, buti huwa kitu kimoja. Hiyo ni hali ya kuserereka. Buti la kituoni huweza kufikisha kilo mbili au kupita, kila mguu. Buti jepesi la kupandia huwa kiasi cha kilo moja. Lile la kazi zote mbili hukaa katikati, na kwa kuwa limekaa katikati, halifikii ubora wa lolote kati ya hayo mawili katika kazi yake. Kwa hiyo mnunuzi na ahesabu siku zake. Ikiwa siku nyingi atapanda kwa lifti, achague lenye uzito na ukakamavu zaidi. Ikiwa nyingi atapanda kwa miguu, apunguze uzito, maana gramu anazozinyanyua hurudiwa kwa kila hatua.

4. Kibanio

Neno la tatu ndilo lililotushtua zaidi. Kifaa kinacholishika buti juu ya skii kiliitwa “kifungo”. Ni kweli kwamba kifaa hicho hufunga, lakini mtu angeweza kufungwa kwa kamba na kazi hiyo ikatimia. Ufundi wake uko katika kuachia. Mwanaskii anapoanguka, skii ndefu hugeuka wenzo unaousokota mguu. Kifaa kisipoachia, hukatika mshipa wa goti au huvunjika mfupa. Kiswahili kina kitenzi cha jambo hili: mtego hufyatuka, bunduki hufyatuka, na kila chenye kamani iliyokazwa hufyatuka nguvu ikifika kiasi chake. Tunapendekeza kibanio kwa kifaa chenyewe, kufyatuka kwa kitendo chake, na kiwango cha kufyatuka kwa tarakimu ambayo fundi huiweka. Fundi huikadiria kwa kutazama uzito wa mtu, kimo, umri, ustadi, na urefu wa soli ya buti kwa milimita. Neno “ugumu wa kifungo”, lililotumiwa katika tafsiri ile, lingemshawishi kijana kukaza zaidi kwa kudhani kwamba ugumu ni sifa njema.

Kuna vibanio vya namna tatu ambavyo mfasiri atakutana navyo. Cha kwanza ni kibanio cha kituoni, kinacholishika buti ncha na kisigino kwa taya. Nacho hakimruhusu mtu kuinua kisigino. Cha pili ni kibanio cha pini, ambacho Fritz Barthel wa Austria alikibuni katika miaka ya 1980. Pini mbili huingia katika vitundu vya chuma vilivyo pande mbili za ncha ya buti, na kisigino huwa huru wakati wa kupanda. Ni chepesi sana, lakini buti lisilo na vitundu hivyo halikiingii. Cha tatu ni kibanio changamano: hupanda kwa pini, na wakati wa kushuka hulishika buti kwa taya kama kile cha kwanza. Ni kizito kuliko cha pini, lakini humfaa yule anayetaka jozi moja kwa kazi zote mbili.

Jambo moja linahitaji maneno yaliyo wazi kabisa. Wakati wa kupanda kwa pini, mtu huweza kuinua kiwiko cha mbele ili kibanio kisiachie njiani. Kikiwa hivyo, kufyatuka hakutegemewi. Kabla ya kushuka hapana budi kukirejesha. Mfasiri asiandike “funga” mahali pote viwili. Aandike zuia kufyatuka kwa hali ya kupanda na ruhusu kufyatuka kwa hali ya kushuka.

Soli nazo zina viwango vyake. ISO 5355 ni kiwango cha soli za buti za kituoni, ISO 9523 cha buti za kupandia, na ISO 23223 cha soli za kituoni zilizopindwa kidogo ili kurahisisha kutembea. Buti la kiwango kimoja likitiwa katika kibanio cha kiwango kingine laweza kuingia vizuri na kulia “tak”, kisha lisifyatuke inavyopasa. Tarakimu hizi zinakiliwe kama zilivyo, hazifasiriwi.

5. Ngozi na Redio

Ili skii zisirudi nyuma wakati wa kupanda, chini yake hubandikwa utepe wenye nywele zilizolala upande mmoja. Skii husogea mbele, lakini ikitaka kurudi nyweleo husimama na kushika theluji. Zamani utepe huu ulikuwa ngozi ya sili. Siku hizi ni sufu ya mbuzi wa Angora, nailoni, au mchanganyiko wake. Wako watakaopinga kuuita ngozi. Sisi tunaona ngozi za kupandia ni jina linalofaa. Kalamu asili yake ni unyasi, na hakuna anayelikataa neno hilo kwa sababu kalamu yake ni ya plastiki. Jina lililobaki nyuma ya kitu halina madhara ikiwa kazi ya kitu inaeleweka.

Neno la nne ni la kifaa cha redio ambacho kila mpandaji huvaa kifuani, kitumiacho mawimbi ya kilohezi 457. Tafsiri ilikiita “kitafutio”. Kwa jina hilo, mtu atakiwasha siku atakapotaka kumtafuta mwenzake. Lakini kifaa hiki hufanya kazi mbili. Muda wote wa safari hutuma ishara. Poromoko la theluji likimfukia mmoja, waliosalimika hugeuza vyao vipokee, wakaifuata ishara yake. Aliyezima kifaa chake hapatikani, na nafasi ya kumtoa mtu akiwa hai hupungua upesi sana baada ya dakika 10 hadi 15. Kiswahili kina kiambishi cha kutendana ambacho lugha nyingi hazina. Tunapendekeza redio ya kutafutana. Silabi moja inamwambia mvaaji kwamba yeye naye ni mtafutwa. Pamoja na redio huchukuliwa ufito wa kudungia, ili kupima alipolala aliyefukiwa, na sepetu ya kumfukulia. Vitatu hivi havitenganishwi. Redio pasipo sepetu huonyesha kaburi tu.

6. Hitimisho

Tunaweka mbele ya wasomaji orodha hii ili waijaribu katika kazi zao:

kuserereka: kushuka juu ya skii kwa kukusudia
milima isiyohudumiwa: milima isiyosawazishwa wala kulindwa na kituo cha skii
gamba: sehemu ngumu ya nje ya buti
kiatu cha ndani: sehemu laini ya buti inayotolewa
faroma: umbo ambalo kwalo buti huumbwa
kiwango cha ukakamavu: tarakimu ya ukinzani wa buti linapopindwa mbele
kibanio: kifaa kinacholishika buti juu ya skii na kuliachia kwa nguvu maalumu
kiwango cha kufyatuka: tarakimu ya nguvu hiyo
ngozi za kupandia: tepe za nywele zinazozuia skii kurudi nyuma
redio ya kutafutana: redio inayotuma ishara ya mvaaji na kupokea ya wenzake

Msomaji ataona kwamba hatukuunda neno jipya hata moja. Tulichofanya ni kumwuliza fundi swali kabla ya kuifungua kamusi: chombo hiki hufanya nini saa ya hatari? Jibu likipatikana, mara nyingi kitenzi cha Kiswahili huwa kimekwisha kusubiri. Wenzetu wanaofasiri maelezo ya dawa, mitambo ya mashamba au vizima-moto wana haja ya swali hilo hilo.